Diski niliyoifuata Ukerewe

Kompyuta mpakato yangu ya kwanza niliinunua mpya Mwanza mjini, Novemba 2012. Nilikuwa nimefungua steshenari Nyegezi, jirani na chuo, na karibu fedha yote niliyoipata miezi ya mwanzo kwa kudurufu na kuchapa iliishia kwenye mashine hiyo. Ndani ya boksi mlikuwa na chaja, betri, kijitabu cha waranti na karatasi moja ya kukunja. Nikamuuliza muuzaji, "Kaka, sidii ya Windows iko wapi?" Akanijibu, "Siku hizi hazitolewi, dada. Imo humo humo ndani."

Hakunidanganya. Watengenezaji wengi wa kompyuta walikuwa wameshaacha zamani kutoa diski kamili ya Windows. Badala yake hukata kipande cha diski ngumu ya mashine yenyewe, patisheni iliyofichwa ya GB 10 hadi 20 hivi, na humo huweka nakala ya mashine ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani: Windows, draiva zake (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya mashine), na programu zao walizozipachika. Mashine ikivurugika, unabonyeza kitufe fulani wakati inawaka na inarudi kuwa kama mpya. Kwao ni nafuu, hawana haja ya kuchapa diski kwa kila boksi, na mtu hawezi kumwazima jirani Windows nzima. Lakini kwa mwenye mashine ni sawa na kuweka mbegu kwenye ghala lile lile la chakula. Ghala likiungua, hakuna cha kula wala cha kupanda.

Wiki za mwanzo kila nilipoiwasha kilitokea kidirisha kikinitaka nitengeneze diski za kurejeshea mfumo. Kilihitaji dividii tupu 4. Dividii tupu nilikuwa nazo, nilikuwa nawauzia wanafunzi. Ila mteja mmoja amesimama na kitambulisho cha kudurufu, mwingine anataka cheti chake kilaminetiwe, basi mimi nabonyeza "baadaye". Mwishowe kidirisha kikaacha kutokea, nami nikakisahau.

Machi 2015 diski ngumu ikaanza kugonga. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, ka, ka, ka, kama kucha juu ya meza, halafu kila kitu kwenye skrini kinaganda. Asubuhi ya siku ya tatu nikakuta skrini nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe unaosema hakuna mfumo wa kuwashia. Ulikuwa msimu wa tafiti. Ndani ya mashine ile zilikuwemo kazi za wanafunzi zaidi ya ishirini, wengine wakiwa wamebakiza siku chache kukabidhi.

Nilipanda daladala hadi kwa fundi wangu, karibu na Makoroboi. Akaitoa diski, akaiweka sikioni, akatikisa kichwa. "Dada, hii imekwisha. Ununue nyingine, nikupigie Windows kwa elfu kumi na tano. Nusu saa tu unaondoka nayo."

Nilijua ni Windows gani anayoisema. Ni ile iliyochakachuliwa, ambayo sehemu zake za ulinzi zimezimwa ili isidai leseni. Kwa mtu anayeangalia sinema nyumbani huenda asione tofauti, ila mashine ya steshenari huchomekwa flashi hamsini kwa siku na kila flashi inakuja na virusi vyake. Isitoshe, leseni nilikuwa nayo. Nikaigeuza mashine nikamwonyesha stika chini: Windows 7 Home Premium, herufi na namba 25 katika mafungu matano. "Fundi, hii nimeilipia. Naitaka hii hii."

Akanitazama, kisha akasema kwa upole kwamba leseni ninayo lakini kitu chenyewe cha kuweka sina, na yeye pia hana.

Kwanza tukashughulikia faili. Fundi alikuwa na dividii ya Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta usio Windows, ambayo inawaka yenyewe bila kutegemea kilichomo kwenye diski ya mashine. Tukairudisha diski mbovu, tukawasha kwa Ubuntu, tukaanza kuhamisha folda moja moja kwenda kwenye diski ya nje. Ikifika mahali pabovu inakwama, tunaiacha ipoe, tunaendelea na folda nyingine. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Tuliokoa karibu zote. Ya binti mmoja ilipotea sura ya nne nzima, nami nikaichapa upya usiku kutoka kwenye nakala yake ya karatasi, bila malipo. Lile patisheni la kiwandani halikusomeka hata kidogo.

Nikaiandikia barua pepe kampuni iliyotengeneza mashine. Walijibu kwa adabu kwamba diski zinauzwa, ila Tanzania haikuwemo kwenye orodha ya nchi wanakozituma.

Fundi ndiye aliyekumbuka. Alisema kuna mwalimu wa Ukerewe aliwahi kumletea kompyuta aina ile ile, modeli ile ile hadi herufi ya mwisho, kubadilisha kibodi. "Yule mzee ni mtunzaji. Kama kuna mtu aliyetengeneza zile diski, ni yeye." Akampigia hapo hapo, akanipa simu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza shida yangu yote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Diski ninazo, ziko nne, nilizitengeneza siku niliyonunua mashine. Ila haziondoki nyumbani kwangu. Wewe njoo na mashine yako."

Fundi akanifungia diski iliyotumika ya GB 320, kwa kuwa ndiyo niliyoimudu, nikanunua na dividii tupu kumi. Jumamosi nikapanda meli ya Nansio. Ni zaidi ya saa tatu majini, na muda wote nilikuwa nimeipakata ile mashine ndani ya khanga mbili nikihofia unyevu.

Mwalimu alizitoa kwenye sanduku la bati, ndani ya bahasha ya kaki. Kila moja ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika: namba yake, jina la modeli, na tarehe, 14/1/2013. Hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Tukaweka ya kwanza kwenye mashine yangu. Ikawaka, ikasoma, ikatambua modeli, na moyo wangu ukatulia. Halafu ikatoa ujumbe kwamba diski ngumu iliyomo ni ndogo kuliko inayohitajika. Mashine ilitoka kiwandani na GB 500. Nakala ile imepangwa kwa vipimo vya diski ya GB 500, na programu ya mtengenezaji haikubali kuipunguza, hata kama Windows yenyewe ingetosha kwenye GB 20.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa macho tofauti ya vitu hivi viwili. Diski kamili ya Windows 7 ingeniuliza: niweke wapi, niigawe vipi diski, unataka kuacha nini? Diski ya urejeshaji haina maswali hayo. Inachojua ni kurudisha picha moja, kwenye mashine ya aina moja, kwa namna moja, na kila kilichokuwa kwenye diski kinafutwa.

Mwalimu hakuniacha nirudi mikono mitupu. "Zinakili zote," akasema, "ila kwenye mashine yangu, na mbele ya macho yangu." Tukakaa hadi usiku tukinakili moja baada ya nyingine, mke wake akatuletea ugali na sato. Kesho yake nikarudi Mwanza na nakala zangu nne na mfuko wa machungwa.

Ilinibidi nikope kwa shoga yangu ili nipate diski ya GB 500, shilingi 85,000. Safari hii niliifanya kazi mwenyewe, dukani, baada ya kufunga. Betri nilikuwa nimeijaza mchana kutwa, na nashukuru nilifanya hivyo, maana katikati ya dividii ya tatu umeme ulikatika Nyegezi nzima. Nilikaa gizani nikiangalia ule mstari wa kijani ukisogea asilimia moja moja. Ilipofika saa sita kasoro usiku ikajizima, ikawaka tena, na Windows ikajithibitisha yenyewe bila intaneti na bila mimi kuandika herufi hata moja ya leseni. Watengenezaji wakubwa huweka alama yao ndani ya bayosi, programu iliyomo kwenye chipu ya ubao mkuu, na nakala ya kiwandani ikiikuta alama hiyo inajua iko nyumbani. Baadaye nilijaribu diski zile zile kwenye mashine ya jirani yangu iliyotengenezwa na kampuni nyingine, zikakataa palepale.

Ilirudi na takataka zake pia. Antivairasi ya majaribio ya siku 60, michezo, na programu za mtengenezaji nilizokwishaziondoa mwaka 2012. Nilizitoa tena moja moja, kisha nikashusha apdeti za miaka zaidi ya miwili kwa bando la usiku, siku tatu mfululizo.

Tangu hapo mteja akinunua kompyuta na kuja kwangu kuwekewa programu ya kuchapia, siigusi kabla sijamuuliza kuhusu jambo hili. Mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani. Tangu Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, namba ya leseni huandikwa ndani ya bayosi yenyewe, kwa hiyo hakuna tena stika ya kufutika kwa kusuguliwa na mapaja. Na tangu Windows 10, mtu anaweza kushusha mfumo kamili kutoka kwa Microsoft bila malipo, akautia kwenye flashi ya GB 8, akaruka sehemu ya kuulizwa leseni, na mashine ikiunganishwa na intaneti ikajitambua kwa ubao wake mkuu. Hiyo ndiyo diski kamili niliyoitafuta mwaka 2015, ingawa kwa bando letu GB kadhaa si kitu cha kuchezea. Mimi hushusha mara moja na kuitunza flashi.

Lakini wenye mashine za Windows 7 bado wapo, hata baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows hiyo Januari 2020, na stika zao zimeanza kuwa nyeupe. Hao nawaambia wapige picha ya stika leo, kwa simu. Na kwa mashine yoyote mpya bado natengeneza flashi ya urejeshaji siku hiyo hiyo, kwa sababu draiva za kadi ya wayafai na za kitufe cha mwanga hazimo kwenye Windows kamili kila mara, wakati nakala ya kiwandani inazo. Watu huona nawachelewesha. Wengine huacha mashine wakaenda sokoni wakarudi.

Mwaka 2018 mwalimu alinipigia. Diski ngumu yake nayo ilikuwa imekufa, akaifuata bahasha yake sandukuni, na dividii ya pili haikusomeka. Dividii za kuchoma zina rangi ndani ambayo huchakaa kwa joto na miaka, hata kama hujazigusa. Mimi nakala zangu nilikuwa nimezihamishia kwenye diski ya nje kama faili, mara mbili. Nikachoma seti mpya ya dividii nne, nikaandika kwa wino usiofutika namba, modeli na tarehe, nikazitia kwenye bahasha ya kaki na kuzikabidhi kwa kijana wao aliyekuwa akisoma hapa chuoni, aliyekuwa anarudi likizo.

Siku mbili baadaye simu ikaita. "Mwanangu, sikiliza," mwalimu akasema, akaisogeza simu karibu na mashine. Nikausikia ule mlio wa Windows 7 inapofunguka, na mke wake nyuma akipiga kigelegele.