Gego la mama wa Ngamiani

Ramadhani ile tulimaliza matibabu ya mizizi ya gego la kwanza la chini, upande wa kushoto, la mama mmoja wa Ngamiani, Tanga, aliyekuwa akipika futari za kuuza. Jino lilikuwa limeoza hadi kwenye kiini, na eksirei ilionyesha kivuli cheusi, yaani mfupa ulioliwa, kwenye ncha ya mzizi wa nyuma. Ndani ya mizizi yake miwili tulikuta njia nne. Magego ya aina hiyo mara nyingi huwa na tatu, na ya nne ikiachwa bila kusafishwa, uchafu unaobaki humo huja kulirudisha tatizo. Tulizisafisha kwa faili, yaani visindano vya kukwangulia, na dawa ya sodiamu hipokloraiti, tukazikausha kwa vijiti vya karatasi, tukazijaza gutapecha, utomvu mgumu kama mpira, hadi kama milimita moja kabla ya ncha. Kisha jino likajengwa juu, likachongwa, likachukuliwa vipimo vya kupeleka maabara, na likavishwa kofia ya muda ya plastiki kwa simenti laini. Kofia ya kudumu ingekuwa tayari baada ya wiki mbili.

Alikuwa amefunga na hakutaka kufungua, kwa hiyo dawa za maumivu tukazipanga usiku. Kwanza nilimuuliza kuhusu vidonda vya tumbo, figo, pumu na ujauzito, maana mwenye mojawapo ya hayo hapewi ibuprofeni hivi hivi. Hakuwa na lolote. Akaanza na ibuprofeni miligramu 400 na parasetamoli gramu 1 baada ya kufuturu, saa kumi na mbili na nusu jioni. Parasetamoli gramu 1 peke yake saa tano na nusu usiku. Halafu zote mbili tena wakati wa daku, saa kumi na nusu alfajiri, akiwa amekula. Hapo parasetamoli ni gramu 3, chini ya kikomo cha gramu 4 kwa siku, na ibuprofeni ni miligramu 800. Udhaifu wa ratiba hii ni mchana mrefu usio na dawa. Nilimwambia mapema kwamba alasiri jino lingeuma kuliko asubuhi, na kwamba hiyo ingemaanisha dawa imeisha mwilini, si kwamba jino limeharibika.

Maumivu ya baada ya kuziba mizizi huwa makali zaidi ndani ya siku moja au mbili za mwanzo, kisha hupungua siku hadi siku. Ya mama huyu yalianza kupungua, halafu yakapanda ghafla usiku wa pili. Mwendo huo ndio unaonifanya nimwite mgonjwa arudi. Alikuja ameshika shavu.

"Daktari, si mlisema mshipa umetolewa? Sasa kinachouma ni nini? Ling'oeni tu, nipumzike."

"Mama, linauma ukinywa maji ya baridi, au ukikanyagia jino?"

"Baridi siisikii kabisa. Nikifunga mdomo tu. Hata nikimeza mate."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko picha yoyote. Mshipa uliotolewa ni ule wa ndani, unaosikia baridi na moto. Nje ya mzizi kuna nyuzi zinazolining'iniza jino ndani ya mfupa, kama kamba zinavyombeba mlalaji kwenye kitanda cha kamba. Nyuzi hizo hubaki hai, na kazi yake mojawapo ni kusikia mgandamizo. Zake zilikuwa zimeshachokozwa na uambukizo wa awali na kazi ya kusafisha mizizi. Na kwa kuwa meno hugusana kila tunapomeza mate, kitu kidogo kinachozidi urefu hulipiga jino hilo mchana kutwa, hata kwa mtu aliyefunga.

Niligonga meno taratibu kwa mpini wa kioo cha kuangalizia meno. Gego lile liliuma, majirani zake hapana. Hakukuwa na uvimbe, homa wala kijipu kwenye ufizi, na mdomo ulifunguka vizuri. Halafu nikaibonyeza kofia kwa kidole: mate yalitoka na viputo ukingoni, upande wa ulimi. Simenti ilikuwa imeachia upande mmoja.

"Jana ulifuturu na nini?"

"Tende, uji, mihogo ya nazi."

Mihogo na uji havina kosa. Tende hunata juu ya kofia, na mdomo ukifunguka huivuta. Kofia haikutoka, iliinuka kidogo upande mmoja. Mtu husikia hata unywele mmoja kati ya meno yake, kwa hiyo hakuhitaji kuinuka sana. Karatasi ya rangi ya kupimia mng'ato ilithibitisha: iliacha doa zito juu ya gego lile, lakini kwenye meno ya jirani ilichomoka bila kushikwa.

Alikuwa pia ameweka punje ya karafuu juu ya jino akaing'ata. Karafuu ina yujenoli, ambayo madaktari wa meno wameitumia kwa muda mrefu kutuliza maumivu, lakini punje ngumu juu ya jino linaloumia kwa kukanyagwa huongeza mgandamizo uleule. Na duka la dawa lilikuwa limemuuzia amoksilini. Nilimweleza kwamba kofia iliyoinuka haiwezi kushushwa na antibiotiki. Dawa hizo ni za uvimbe unaosambaa, homa au tezi zilizovimba.

Tuliitoa kofia, tukaondoa simenti yote ya zamani, tukakagua ujenzi wa chini. Ulikuwa mzima. Mabaki ya simenti chini ya ufizi nayo huwasha, na mgonjwa hudhani ni jino, kwa hiyo tuliyatafuta vizuri. Tukaijaribu kofia bila simenti, mama ameketi wima na bila ganzi, maana mng'ato wa mtu aliyelala mwenye ganzi hauaminiki sana. Ilikaa sawasawa. Simenti hupakwa safu nyembamba karibu na ukingo wa ndani. Ukiijaza kofia, yenyewe huizuia isishuke na unarudi kulekule. Tulitumia isiyo na yujenoli, kwa sababu kofia ya kudumu ingebandikwa kwa simenti ya resini, na yujenoli huizuia isikauke vizuri. Akang'ata pamba mpaka ikashika, kisha tukasafisha kingo. Alipofunga mdomo alinyamaza kidogo, akasema, "Mbona limetulia?"

Maagizo yalikuwa machache. Tende zitolewe kokwa, zilowekwe, zikatwe vipande, zitafunwe kulia. Halua, kashata na muwa visubiri. Uzi wa kusafishia meno uchomolewe kwa kuuvuta pembeni, usivutwe juu. Maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, baada ya kufuturu na baada ya daku. Kofia ikitoka asiimeze, asiibandike kwa gundi ya dukani, aihifadhi aje nayo mapema: jino lililo wazi hupenywa na mate, na meno ya jirani husogea hadi kofia ya kudumu ikakataa kuingia.

Siku zilizofuata aliacha dawa ya usiku wa manane, kisha ya daku. Kofia ya kudumu iliingia baada ya Idi. Kwa wiki chache aliendelea kulisikia jino akitafuna kitu kigumu, jambo la kawaida nyuzi zinapopona, mradi linapungua. Kivuli kwenye ncha ya mzizi hujaa mfupa polepole zaidi kuliko maumivu yanavyoisha, kwa hiyo tulimpa tarehe ya kupiga picha nyingine mwaka uliofuata. Alikuja, na mfupa ulikuwa umejaa.