Momella kwa mtumbwi

Wakazi wengi wa Arusha wanaijua Hifadhi ya Taifa ya Arusha kwa kibao tu, kile cha njia panda ya Usa River, wakiwa wanawahi Moshi au uwanja wa ndege wa KIA. Ukiwauliza mbona hawajaingia, utasikia, "Kuna nini kule? Hata simba hakuna." Ni kweli, simba hakuna. Kuna chui na fisi, lakini hao si rahisi kuwaona mchana. Mimi nasema hiyo ndiyo raha yake: hapa unashuka kwenye gari, unatembea na askari, na ukitaka unaingia ziwani kwa mtumbwi. Mnyama unamtazama ukiwa umekaa chini kuliko yeye. Serengeti huendi kupata hicho.

Shangazi alikuwa amekuja kutoka Marangu kututembelea, ikawa sababu. Julai asubuhi Usa River ni baridi ya kuvaa makoti mawili, na ukungu ulikuwa umeufunika Mlima Meru hadi kwenye migomba. Baada ya lango la Ngongongare kuna uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo. Pundamilia, ngiri na nyati walikuwepo, tukawatazama dirishani tukapita. Dereva alikuwa anaharakisha, kwa sababu kwenye maziwa ya Momella upepo ukishaanza kuvuma kabla ya mchana, kupiga kafi kunageuka adhabu.

Maziwa ya Momella ni saba, na kila moja lina rangi yake kutokana na mwani ulioko ndani. Asili yake ni Meru wenyewe. Maelfu ya miaka iliyopita upande wa mashariki wa mlima uliporomoka, mawe na tope vikatapakaa hadi huku chini, na kwenye mabonde yaliyobaki kati ya vilima ndipo maji yalipokaa, mengi yakija kwa chini ya ardhi. Mitumbwi huingia Momella Ndogo.

"Shikamoo mama," askari alimsalimia shangazi, bunduki begani.

"Marahaba baba. Hiyo ni ya viboko?"

"Ni ya nyati wakati wa kutembea, mama. Kiboko tunamkwepa tu."

Tukavaa jaketi okozi. Shangazi alifungwa lake juu ya kitenge na sweta, akawekwa katikati, mimi mbele, mwongozaji nyuma. Masharti yalikuwa machache: hakuna kusimama, hakuna kupiga kelele, na akisema "acha kafi", unaacha.

Hatua chache kutoka ukingoni shangazi alichovya kidole, akaonja. "Magadi kabisa. Haya yangeivisha maharage haraka." Mwongozaji akacheka, akasema ndiyo maana heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wanayapenda.

Kundi lao lilikuwa upande wa pili, ule wenye maji machache. Kwa mbali lilionekana kama utepe wa waridi uliolazwa ziwani. Tulipokaribia tuliacha mtumbwi uelee wenyewe, maana ukiwafukuza wanaruka wote. Heroe anakula kichwa kikiwa juu chini: mdomo wa juu unakuwa ndio wa chini, ulimi unasukuma maji ndani na nje upesi upesi, na vichujio vilivyoko pembeni mwa mdomo vinabakiza mwani. Rangi yao nayo inatokana na chakula hicho. Mmoja alikuwa karibu kiasi cha kuona goti lake, ambalo kwa kweli ni kifundo cha mguu, likikunjika kwa nyuma kila anapopiga hatua, na tope likipanda kutoka chini ya nyayo. Mayai hawatagi hapa. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki, karibu wote, huzalia Ziwa Natron, kaskazini mwa Arusha, juu ya vichuguu vya tope ambavyo fisi na mbweha hawavifikii kirahisi.

Katikati ya maji kulikuwa na vibisi, wale ndege wadogo wanaozama ghafla. Shangazi alianza kubashiri watatokea wapi, na alikosea kila mara kwa ujasiri uleule.

Kisha mwongozaji akasema, "Acha kafi."

Mbele yetu mapovu yalikuwa yakipanda kwa mstari, yakihama. Kiboko haogelei kama wengi wanavyodhani. Anatembea chini ziwani, na kila baada ya dakika chache anapanda kuvuta pumzi. Mwongozaji akatusogeza ukingoni, karibu na matete, akawa anagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, taratibu, ili mwenyewe ajue tulipo. Akatueleza kwa sauti ya chini kwamba kiboko akishtuka hukimbilia kwenye kina, na hatari ni kwa aliyemzibia njia. Mapovu yakakoma. Yakatoka masikio mawili, yakajipukuta maji, kisha pua, zikafunguka kwa mpumuo mzito ambao harufu yake ilitufikia: majani yaliyochacha. Alitutazama. Shangazi alinishika mgongo wa jaketi, hakuiachia hadi masikio yalipozama tena.

Ukingoni pale twiga watatu walikuwa wakila mgunga. Ukiwa majini unawaona kuanzia kwato, shingo zinaingia angani, na ulimi mweusi ukizunguka tawi lenye miiba bila wasiwasi. Nilipiga picha nyingi, hakuna hata moja inayofanana na nilichokiona.

Upepo ulipoanza tukatoka. Chai ya chupa na maandazi ya nyumbani, tukaendelea kwenye msitu wa Ngurdoto. Mbega walikuwa juu ya miti, weusi kwa weupe, mikia ikining'inia. Wanakula majani, na tumbo lao lina vyumba kama la ng'ombe, ndiyo maana wanakaa sana. Vidole gumba hawana, na bado wanaruka kutoka tawi hadi tawi bila kukosea.

Kreta ya Ngurdoto yenyewe, shimo kubwa la volkano ya zamani, unaiangalia kwa juu tu, kushuka hairuhusiwi. Chini kulikuwa na madoa meusi kwenye nyasi. Dereva akasema ni nyati. Shangazi akasema ni mawe, na mawe ya Marangu anayajua. Darubini tulikuwa nayo moja, na walikuwa wanagombania zamu hadi tunafika kwenye gari.