Treni ilichelewa, ndio tukaiona Taru

Vijana wa Kampala siku hizi ukiwatajia treni wanafikiria ile ya Namanve, unapanda unashuka kiti hata hakijapata joto. Sisi tuliokulia kota za reli Nsambya tunajua mambo mengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa unapanda Kampala alasiri, asubuhi unaamka uko Kenya, na safari ambayo haijanitoka mpaka leo ni ile niliyoenda na mjomba kumwona mama mkubwa aliyeolewa Mombasa.

Mjomba alikuwa fundi wa reli tangu reli ikiwa moja ya Afrika Mashariki nzima, kabla jumuiya haijavunjika 1977, kwa hiyo ukisafiri naye jiandae, kila stesheni ina stori na kila stori ina mtu aliyemkopa pesa asirudishe. Pale Jinja jua linazama tukiwa juu ya Nile akanivuta shati, "We kijana, njoo uone, daraja hili ni la 1931, kabla yake mizigo ya Kampala ilikuwa inavushwa ziwa na meli." Malaba tulipita usiku, watu wa uhamiaji wakaingia na tochi, sikumbuki kingine.

Milima sasa. Ilikuwa nisimulie milima, maana ndiyo mjomba aliyoisifia wiki nzima, ati utaona Timboroa, reli inapanda zaidi ya mita 2,700 na hapo hapo uko karibu na ikweta. Tukafika Timboroa asubuhi, ukungu! Ukungu mweupe kila upande, huoni hata behewa la mbele, baridi inapenya mpaka kwenye meno, na mjomba amejifunga blanketi la kulalia kichwani kama bibi harusi bado ananionyesha kwa kidole, "Pale kuna bonde kubwa sana." Pale wapi mjomba? Nikanywa chai yangu kimya. Bonde la Ufa tuliliona baadaye tukishuka kuelekea Nakuru, zuri kweli, sikatai, ila mimi nilikuwa nimeshakata tamaa na milima.

Nairobi tukabadilisha treni. Ile ya Mombasa ilikuwa inaondoka jioni, na utaratibu wake ni kwamba Tsavo yote na nyika yote mnapita mkiwa mmelala, mnaamka kumekaribia minazi. Tulikula kwenye behewa la chakula, supu, samaki, halafu kuku, na vijiko vizito vyenye herufi za EAR, ile reli ya zamani ya Afrika Mashariki, bado zimechongwa kwenye mpini, mjomba akakigeuzageuza chake muda mrefu, supu inapoa.

Usiku wa manane treni ikasimama. Ikasimama, ikasimama, watu wakaanza kukohoa na kufungua madirisha, hakuna aliyetuambia chochote. Kulipokucha ndio tunaingia Voi. Abiria wamenuna, kuna mama alikuwa na mazishi Mariakani analia, na kwa kweli alikuwa na haki. Lakini mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, maana nilikuwa dirishani tayari.

Yaani Taru, ile nyika kavu kati ya Voi na pwani, haina mchanga wa kwenye picha za Sahara. Ni udongo mwekundu na vichaka vya miiba vya rangi ya kijivu, vimekauka hujui kama viko hai, vinaenda mpaka macho yanachoka, halafu ghafla mbuyu mmoja umesimama peke yake. Mbele kidogo ya Voi tuliona ndovu, nao ni wekundu! Nikadhani ni mwanga wa asubuhi, mjomba akasema wanajimwagia udongo wa huko, ngozi inashika rangi. Akaniambia pia misafara ya zamani iliiogopa hii nyika kuliko simba, kwa sababu ya maji, na reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa 1896 maji ya wafanyakazi yalikuwa yanaletwa kwa treni kutoka nyuma, reli inajinywesha yenyewe.

Mackinnon Road msikiti uko ubavuni mwa reli kabisa, ndani yake kuna kaburi la Sayyid Baghali Shah. Dereva akapunguza mwendo akapiga honi. Mjomba akavua kofia ya reli akavaa ile ya kuswalia, akasoma Fatiha, kisha ndio akanielezea: huyu alikuwa kibarua wa reli kutoka Punjab, na watu husimulia kwamba karai la kokoto alilobebeshwa lilikuwa linaelea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Nikamuuliza, wewe unaamini? Akanitazama, "Mimi nimebeba makarai miaka mingapi, lingeelea hata moja!" Akacheka peke yake mpaka akakohoa vumbi.

Maana vumbi lilikuwa kila mahali, tulikataa kufunga dirisha. Mazeras reli inajizungusha mpaka inajipita yenyewe ikishuka pwani, hapo ndio joto la bahari likatupiga usoni na lile vumbi likageuka tope shingoni. Mama mkubwa alikuwa anatusubiri mlangoni tangu asubuhi, ametutazama kuanzia nywele mpaka viatu, hata salamu hakujibu, akamwita binti yake alete ndoo mbili na sabuni ya kipande, na kaka yake mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, akaogeshwa uani kwanza ndio akaruhusiwa kukanyaga sakafu.