Mradi wa bitiruti: utando wa vakuoli unapoanza kuvuja

Rangi nyekundu ya bitiruti, iitwayo betanini, imo ndani ya vakuoli, kifuko kilicho ndani ya seli; mradi huu unatazama joto linavyoitoa.

Vipande. Bitiruti mbichi na ngumu hutobolewa kwa bomba la kutobolea vizibo la milimita 5, kisha hukatwa urefu wa sentimita 1 juu ya kigae cheupe, kwani ubao hunywa rangi. Kisu hupasua seli za pembeni na rangi yake humwagika papo hapo, kwa hiyo suuza vipande mpaka maji yatoke maangavu, ukaushe kwa karatasi bila kubinya. Ukiruka hatua hii, neli (bomba la kioo la majaribio) yenye maji ya nyuzi 20 itafanana na ya 50.

Raundi ya kwanza: neli sita zenye mililita 10 za maji yaliyokenekwa, kuanzia nyuzi 20 hadi 70, vipande vikikaa dakika 30 katika joto hilohilo. Huo utaratibu una kasoro. Kwenye nyuzi 70 betanini yenyewe huharibika na kugeuka rangi ya kahawia, hivyo kolorimita, kifaa cha kupima ukolezi wa rangi, husoma pungufu ilhali utando umekwisha kabisa.

Raundi ya pili: kipande dakika 2 tu kwenye maji ya joto linalopimwa, kisha dakika 20 kwenye maji ya nyuzi 20. Soma kwa kichujio cha kijani, maana betanini hufyonza zaidi mwanga wa karibu nanomita 535. Hapa tofauti inaonekana hata kwa macho: kipande cha nyuzi 60 hushusha uzi mwekundu hadi kitako cha neli, cha 40 kimetulia.

Utulivu huo ndio kiini cha mradi. Mikia ya fosfolipidi, molekuli za mafuta zinazojenga utando, huchezacheza zaidi kila joto linapopanda, hata kati ya 20 na 40. Mbona rangi haitoki? Betanini ina uzito wa molekuli wa karibu 550, ina chaji na hupenda maji; tabaka la mafuta hailipiti hata likilegea. Tena ina tando mbili za kuvuka, tonoplasti (utando wa vakuoli) na utando wa seli. Hutoka kwa wingi pale protini za utando zinapopoteza umbo na matundu kufunguka. Kwa hiyo maelezo ya “joto limelegeza fosfolipidi, rangi ikatoka” ni nusu ya ukweli. Bitiruti hupima kuvunjika kwa utando zaidi ya kulegea kwake.

Kulegea kunatafutwa kwa ayoni, chembe ndogo zenye chaji. Potasiamu inaweza kuvuja rangi ikiwa bado ndani, na kipimo cha upitishaji umeme huinasa. Rudisha neli zote nyuzi 25 kabla ya kusoma: kila nyuzi moja hupandisha upitishaji kwa karibu asilimia 2, na utadhani ni uvujaji.

Inayofuata ni etanoli, ambayo hujipenyeza kati ya fosfolipidi bila joto lolote. Kupata mililita 10 za asilimia 40 kutoka ya 96, pima mililita 4.2, jaza maji hadi 10. Spiriti iliyotiwa rangi ya zambarau haifai; kolorimita itasoma rangi yake.