Ukihamia Lubumbashi, jiandae kuongoza maongezi ya Kiingereza

Mkenya au Mtanzania akishatua Lubumbashi, mji wa kusini mwa Kongo (DRC), hachelewi kuombwa afundishe Kiingereza. Mpaka wa Kasumbalesa uko karibu, Zambia ng'ambo ni Kiingereza, na madereva wa malori na watu wa forodha na migodi wanakihitaji kazini. (Ukisikia mtu anakwenda Kenya, usishtuke: ni komini, yaani wilaya, ya hapa hapa mjini.) Sarufi wengi walishaipata shuleni. Kinachowashinda ni kufungua mdomo, kwa hiyo sogeza ubao kando, panga viti kwa duara.

Watu sita hadi wanane wanatosha. Wakifika kumi gawa vikundi viwili, la sivyo watatu wataongea na waliobaki watatikisa vichwa tu.

Kinachoua mjadala huku ni heshima. Papa (ndivyo mzee anavyoitwa huku) mwenye cheo akishatoa maoni, kijana hampingi hata kwa Kiswahili, sembuse Kiingereza. Basi anza na wawili wawili kwa dakika tatu, kila mmoja aeleze duara alichosema mwenzake, siyo chake. Kijana akipinga kwa mdomo wa mwingine, hajamvunjia mtu heshima. Vijana watangulie, papa apewe kazi ya kufunga. Msemaji sana mpe vizibo vitatu vya soda kama wengine: kila akiongea anaweka kimoja katikati, vikiisha anasikiliza.

Swali ndilo kazi yenyewe. "Mazembe au Lupopo?", klabu mbili za soka za hapa, litaleta kelele na neno mojamoja. Uliza hivi: klabu ikipata pesa, inunue wachezaji au ijenge shule ya soka ya watoto, na kwa nini? Hapo lazima mtu atoe sababu. Siasa na mambo ya nani katoka mkoa gani yaache kabisa. Yanauma, na wewe ni mgeni.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mwanafunzi anapanga jibu kwa Kiswahili, pengine analipitisha Kifaransa, ndipo lifike Kiingereza; mwalimu anayejijibu baada ya sekunde moja amempokonya zamu.

Makosa usiyakatizie. Mtu akisema "I have thirty years", Kifaransa na Kiswahili ndivyo vimemponza. Andika kwenye karatasi yako, aendelee. Dakika kumi na tano za mwisho weka ubaoni sentensi tano au sita bila majina, wazisahihishe wenyewe. Lafudhi iache, ila ikizuia kueleweka.

Kiswahili ruhusu wakati wa kujiandaa wawili wawili, kisha kifungwe.

Kuanzia Novemba hadi Machi, mvua ikipiga bati hakuna atakayesikika. Uwe na swali la akiba: waandikiane hoja na majibu kwenye karatasi moja, na mvua ikitulia wazisome kwa sauti na kuendelea kubishana.