Umembloku, sasa anakutumia shilingi mia

Kwa mpenzi mliyeachana anayejiabudu, kumbloku WhatsApp hakutoshi. Kwenye magrupu mliyomo wote bado mnasomana, simu ya kawaida anapiga, na njia zikimwishia anakurushia shilingi mia kwa simu. Ujumbe wa muamala unatoka kwa mtandao, kwa hiyo kubloku namba yake hakuuzuii. Hiyo si pesa, ni hodi. Usiirudishe kwa mkono wako, maana kurudisha nako ni kujibu.

Mwandikie mara moja tu: "Sitaki unitafute tena kwa njia yoyote." Halafu kimya, hata akisema anaumwa. Ukijibu ujumbe wa ishirini, umemfundisha kwamba bei yako ni ishirini, na kesho ataanzia hapo.

Usifute kitu. Skrinshoti ionyeshe namba yenyewe (siyo jina ulilomsevu), tarehe na saa. Nakala iwe pia kwenye barua pepe, simu huibiwa.

Wajumbe anaowatuma kwako ndio wagumu kuliko yeye. "Shangazi, nakuheshimu, ila habari zake sizipokei, na zangu usimpelekee." Basi, usieleze sababu, sababu ndiyo atakayoibeba.

Kama mna mtoto, bakiza namba moja, maandishi tu: ada, afya, saa ya kumchukua.

Vikianza vitisho, kwa Tanzania nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, uchukue RB (namba ya taarifa yako polisi). Usumbufu wa mtandaoni umo kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.