Mikarafuu kumi ya baba mdogo

Baba alipofariki huko Wete, Pemba, alimwacha mama, sisi mabinti zake wawili, mimi na mdogo wangu, pamoja na ndugu yake mmoja, baba yetu mdogo. Wazazi wake walikuwa wametangulia. Baada ya kutolewa gharama za maziko na madeni, ilibaki mikarafuu 48 ya kurithiwa. Nilikuwa na tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, na humo niliona aya ya 176 ya Suratun Nisaa, inayompa ndugu urithi ikiwa maiti hakuacha mtoto. Nikamwambia baba mdogo, mbele ya watu wa tanga, kwamba yeye hana fungu. Hakunijibu; alichukua kofia yake akaondoka.

Mama hakuridhika. Kesho yake, baada ya laasiri, alinipeleka kwa sheikh aliyekuwa akisomesha fiqhi (sheria ya dini) ya Kishafii barazani kwake. Mtu huyo alikuwa amesomesha faraidh, elimu ya mirathi, miaka mingi, na angeweza kutujibu kwa kichwa, lakini aliinuka, akateremsha Minhaji, kitabu cha fiqhi cha Imamu Nawawi, akaiweka juu ya marufaa na kupitisha kidole mstari kwa mstari. Kisha akatusomea hadithi ya Jabir, aliyoipokea Tirmidhi: mjane wa Saad bin Rabii, aliyeuawa vitani Uhud, alimjia Mtume (s.a.w.) na mabinti zake wawili, akashitaki kwamba ami yao ametwaa mali yote, Mtume akaamuru mabinti wapewe theluthi mbili, mama yao thumni (sehemu moja ya nane), na kilichobaki ni cha ami.

Nilinyamaza. Mjane, mabinti wawili na ami: ilikuwa nyumba yetu hasa.

"Aya uliyoisoma ni haki, mwanangu," alisema sheikh, "ila hapo anatajwa ndugu anayechukua mali yote. Mabinti wakiwapo, yeye ni asaba; hungoja wenye mafungu wapewe, kisha hupata baki."

Akagawa mali sehemu 24: mama 3, sisi 16, baba mdogo 5. Kwa hesabu ya mikarafuu ikawa 6, 32 na 10.

Asubuhi nilimwendea baba mdogo, nikamwomba radhi mbele ya wale wale waliokuwa wamenisikia. Tukaingia shambani na kopo la chokaa, yeye akionyesha, mimi nikipaka mashina, mpaka la kumi.